Mgeni katika Nyumba Isiyo na Mwenyewe: Swala la Kimaadili la Kuizuru Kasri ya Unguja

Utangulizi

Katika mila za Waswahili, mtu haingii katika nyumba ya mwenziwe ila kwa hodi. Hodi ikiitikiwa, mgeni huambiwa karibu, naye huvuka kizingiti akiwa na haki na wajibu wa mgeni. Akibisha mara tatu pasipo jibu, humpasa kurudi alikotoka hata kama mlango uko wazi. Utaratibu huu mdogo umebeba fikra nzito: kwamba nyumba si kuta na paa tu, bali ni mamlaka ya mtu fulani juu ya mahali fulani, na kwamba yaliyomo ndani hayatazamwi kwa uadilifu pasipo idhini ya mwenyewe.

Makala haya yanachunguza hali ambayo utaratibu huo hauwezi kutimizwa, nayo ni hali ya mtu anayeizuru kasri ya kifalme iliyogeuzwa kuwa makumbusho. Hapo mgeni hununua tikiti badala ya kupiga hodi. Anayemwambia karibu ni mwajiriwa, wala si mwenye nyumba. Vyumba vya kulala, ambavyo hata baadhi ya jamaa hawangethubutu kuviingia, vimefunguliwa kwa kila mpita njia. Swali linalozuka ni hili: mtu huyu ni mgeni wa nani? Na ikiwa uzuri anaoutazama ulitokana na kazi ya watu waliomilikiwa na watu wengine, je, ni halali kimaadili aufurahie? Akiufurahia, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Mfano utakaotumiwa ni kasri ya masultani wa Unguja, Bet al-Sahel, iliyo ukingoni mwa bahari katika Mji Mkongwe. Yamkini itadhaniwa kuwa swala hili ni la wanahistoria au la wahifadhi wa majengo. Hata hivyo, lina haki ya kujadiliwa na wahakiki wa fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, kasri hiyo na nyumba za mfano wake zimeingia katika maandishi ambayo mgeni wa leo huzitazama kwayo, ajue asijue. Pili, nyumba iliyogeuzwa makumbusho husomwa kama matini yasomwavyo: ina mpangilio, ina sauti zilizopewa nafasi, na ina kimya chake.

Kasri na Historia Yake

Bet al-Sahel ya kwanza ilijengwa katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyeyahamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja na kufariki mwaka 1856. Nyumba hiyo haipo tena. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kujitwalia kiti cha usultani pasipo ridhaa ya Waingereza, manowari za Uingereza ziliipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Kiasi cha watu 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Miongoni mwa waliowekwa kuilinda walikuwamo mamia ya watumishi na watumwa wa sultani, watu ambao walitakiwa kufa kwa ajili ya nyumba ambayo haikuwa yao.

Jumba linaloonekana leo ni la mwishoni mwa karne ya 19. Lilikuwa makazi rasmi ya masultani hadi 12 Januari 1964, Sultani Jamshid bin Abdullah alipopinduliwa na kukimbilia uhamishoni. Baada ya Mapinduzi, jumba likatangazwa kuwa kasri ya wananchi na kutumiwa kwa shughuli za serikali. Mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia ya usultani.

Mpangilio uliofunguliwa mwaka huo ulimpitisha mgeni katika ghorofa tatu kwa kufuata wakati. Chini kulikuwa na habari za miaka ya 1828 hadi 1870, pamoja na mikataba ya biashara ambayo Sayyid Said alitiliana saini na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839. Juu yake kulikuwa na miaka ya neema, 1870 hadi 1896, ambapo maji ya bomba na umeme viliingia mjini. Ghorofa ya mwisho ilikuwa ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, na wakeze: vitanda, meza, na hata kabati la fomika ambalo lingeweza kuonekana katika nyumba ya karani yeyote wa miaka ya 1950. Chumba kimoja kilitengwa kwa ajili ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Uti wa mgongo wa mpangilio huo ulikuwa nasaba ya watawala. Mgeni alipanda ngazi kutoka kwa sultani mmoja hadi kwa mwingine, na wakati wenyewe ukapimwa kwa enzi zao.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba hizi ni habari za jirani. Ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa chini ya mamlaka ya sultani huyo huyo, ukakodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa hadi Desemba 1963. Mashamba ya nafaka ya Malindi, yaliyostawi katika nusu ya pili ya karne ya 19, yalilimwa na watumwa, na sehemu ya mazao yake ikalisha visiwa vilivyokuwa vimejaa mikarafuu. Anayetoka Malindi kwenda kuitazama kasri ya Unguja haendi ugenini kabisa. Anakwenda kutazama kilichoshibishwa na shamba la kwao.

Majibu Matatu Yasiyotosha

Jibu la kwanza kwa swali lililoulizwa ni la kujitenga. Kwa mujibu wa fikra hii, uzuri uliozaliwa na dhuluma umenajisika, na mtu mwadilifu hana budi kuupa kisogo. Hapana shaka kwamba msimamo huu una heshima yake. Lakini una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba humwacha mwadilifu na mikono safi huku nyumba ikiachiwa wale wanaotaka kustaajabu tu, wasiulize kitu. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Fundi aliyechonga mlango na mchukuzi aliyebeba jiwe hawakuacha kitabu wala picha. Jengo ndilo karibu kazi pekee iliyobaki ya mikono yao. Anayekataa kulitazama kwa sababu ya kuwaonea uchungu anawanyima hata macho ya kuiona kazi waliyoifanya.

Jibu la pili ni la wale wasemao kwamba kila zama na mambo yake, na kwamba si haki kuwahukumu watu wa jana kwa mizani ya leo. Hoja hii hutolewa mara nyingi, tena na watu wenye busara. Udhaifu wake ni kudhani kwamba watu wa jana walikuwa na mizani moja tu. Kiswahili chenyewe kinashuhudia kinyume cha hayo. Katika kumbukumbu zake, Salme anataja nyumba aliyoishi utotoni iliyoitwa Bet il Watoro. Na mtoro, katika lugha ya zama hizo, ni mtu aliyemkimbia bwana wake. Huko bara ya Mwambao wa Kenya, watoro walianzisha vijiji vyao wenyewe, na Fuladoyo ndicho kilichojulikana zaidi katika miaka ya 1880. Mtu hakimbilii msituni, penye njaa na hatari ya kukamatwa, ikiwa ameridhika kwamba hali yake ndiyo desturi ya zama. Hukumu dhidi ya utumwa haikuletwa na watu wa leo. Ilikwisha kutolewa zamani kwa miguu na wale waliokuwa na haki zaidi ya kuitoa. Kwa hiyo, anayesema "wakati ule ndivyo ilivyokuwa" huwa amekwisha kuchagua ni nani wa wakati ule atakayesikilizwa.

Jibu la tatu ni la kisiasa: kwamba deni limekwisha kulipwa kwa kuwa kasri sasa ni mali ya umma. Mjukuu wa mtumwa anaweza kulipa kiingilio na kupita katika ukumbi ambao babu yake aliuingia akiwa amebeba sinia. Ni kweli kwamba jambo hili si dogo. Hata hivyo, kubadilisha mwenye ufunguo si sawa na kufanya hesabu. Historia ya kisiwa hicho imewahi kuonyesha jinsi hesabu inavyoweza kukosewa huku sheria ikitekelezwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mbele ya mahakama kuudai uhuru wake, na fidia ikalipwa kwa bwana, si kwa yule aliyefanya kazi bila ujira. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Mapinduzi ya 1964 nayo, pamoja na kuuondoa usultani, yalimwaga damu ya watu wengi ambao hawakupata kulala katika kasri yoyote. Katika kila zamu, neno "uhuru" lilitamkwa, na katika kila zamu walikuwapo watu waliosahauliwa kuhesabiwa.

Aidha, jibu hili la tatu halisemi lolote kuhusu wale waliofukuzwa. Jamshid bin Abdullah aliishi Uingereza hadi mwaka 2020, aliporuhusiwa kuhamia Oman, na akafariki Desemba 2024. Yaani kwa miaka 30 baada ya makumbusho kufunguliwa, mtu aliyekuwa na haki ya kuitikia hodi katika nyumba ile alikuwa hai, na wageni walikuwa wakipita kando ya vitanda vya jamaa zake. Kulitaja hili si kuutetea usultani. Ni kukumbusha kwamba haya na sitara ni haki za kila binadamu, hata aliyetawala kwa dhuluma, na kwamba jicho la mgeni linaweza kumdhulumu mwenye kitanda kama linavyoweza kumdhulumu aliyekitandika. Tofauti ni kwamba mwenye kitanda ameachiwa kitanda chake kimshuhudie.

Samani na Ukuta

Hapa ndipo penye kiini cha swala. Makumbusho hayawasahau watumishi kwa chuki. Huwasahau kwa sababu ya namna yanavyofanya kazi. Makumbusho hukusanya vitu. Kitu huwa na mwenyewe, na asiyekuwa na mali hana cha kuhifadhiwa katika kabati la kioo. Mtumwa, ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali, hakuacha kiti kinachoweza kuandikwa jina lake. Kwa hiyo nyumba iliyojaa vitu inaweza kusema kweli tupu kuhusu kila kimoja wapo na bado ikawa imepotosha kwa ujumla wake, kwa kuwa uwiano wa vitu si uwiano wa watu waliokuwamo.

Lakini kuna ushahidi wa namna nyingine. Samani ni ushahidi wa mwenye nyumba. Ukuta ni ushahidi wa mjenzi. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na upana wa chumba ulitegemea urefu huo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Mwenye mali aliweza kuongeza idadi ya vyumba, akaongeza urefu wa ngazi, akaongeza nakshi juu ya mlango. Lakini upana wa chumba aliamuliwa na mti wa mikoko na bega la aliyeubeba. Mikoko hiyo ilikatwa matopeni, katika sehemu kama vile maingilio ya Mto Rufiji na visiwa vya Lamu, ikapakiwa majahazini na kushushwa kwa mabega. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe kwa siku kadhaa juu ya lundo la magogo. Mgeni anayejua haya akiinua macho kutazama dari hupata habari ambayo hakuna kibao kilichomwandikia.

Sayyid Barghash, alipojenga Bet al-Ajaib mwaka 1883 jirani na Bet al-Sahel, alitumia nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo ili apate kumbi pana na baraza zilizozunguka jumba zima. Jumba hilo likawa fahari ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Dunia ilisikitika kwa ajili ya jengo, na ilikuwa na haki kusikitika, kwani Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo, yafaa kuulizwa ni wangapi kati ya waliosikitika waliouliza waliofariki ni akina nani. Jambo hilo linaonyesha kwamba mazoea ya kuliona jengo na kutomwona aliye chini yake si mazoea ya karne ya 19 pekee.

Chumba cha Salme na Jina la Kijakazi

Yote haya huonekana wazi zaidi katika chumba kilichopewa jina la Sayyida Salme. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, aliyefariki mwaka 1870. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, ndicho kilichomfanya awe mtu pekee wa kasri ile ambaye mgeni humsikia akisema kwa nafsi ya kwanza. Ni haki kumheshimu. Alijifundisha kuandika kwa siri katika nyumba ambamo wasichana hawakufundishwa kuandika, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kitendo hicho peke yake kingetosha kumpa nafasi katika historia ya wanawake wa pwani.

Tatizo ni kile ambacho sauti hiyo inakisema. Katika kitabu hicho mna sura nzima juu ya utumwa, na ndani yake Salme anautetea utumwa wa Mashariki dhidi ya lawama za Wazungu. Anayetetea hivyo ni binti wa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, na hatimaye akawa suria wa Sayyid Said. Yeye mwenyewe Salme alirithi mashamba pamoja na watumwa waliyoyalima. Hapa uhakiki wa haraka hushindwa. Akiitwa mnyonge, atakuwa amesahauliwa aliyempikia. Akiitwa mnyonyaji, atakuwa amesahauliwa mama aliyemzaa. Kasri haikuwa na ukuta mmoja kati ya waungwana na watumwa. Ukuta huo ulipita ndani ya familia, na wakati mwingine ndani ya moyo wa mtu mmoja. Inafaa kuongezwa kwamba jumba lililomwekea chumba hicho si lile alilolijua. Nyumba ya utoto wake ilipigwa mizinga yeye akiwa mbali, naye akafariki Ujerumani mwaka 1924.

Kinyume chake ni Kijakazi, mhusika wa riwaya ya Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyochapishwa mwaka 1978. Kasri ya riwaya hiyo si Bet al-Sahel, bali ni nyumba ya bwana shamba mmoja; lakini uhusiano unaoelezwa humo ni ule ule. Kijakazi humtumikia Fuad kwa moyo wake wote, na hata Mapinduzi yanapofika, moyo wake ni mzito kuutoka utumishi aliouzoea. Jina lake si jina. Ni hadhi iliyogeuzwa kuwa jina. Mwandishi amekitia kati ya riwaya kitu ambacho makumbusho hayana namna ya kukiweka kabatini, yaani uzoefu wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoonekana.

Je, fasihi basi inalipa deni ambalo makumbusho hayawezi kulilipa? Jibu la tahadhari linahitajika. Maneno ya Kijakazi ni maneno ya mwandishi aliyekuwa na elimu, kalamu na msimamo wake wa kisiasa. Watumishi halisi wa Bet al-Sahel hawakusema katika riwaya hiyo, na si haki kudai kwamba walisema. Ubunifu hauwezi kuwa ushahidi, na mhakiki anayeutumia kama ushahidi huwaziba midomo kwa mara ya pili wale anaodhani amewapa sauti. Lakini kuna jambo ambalo ubunifu unaliweza. Unamzoeza msomaji kuuliza. Aliyeisoma riwaya hiyo kwa makini hawezi tena kukiona kitanda kilichotandikwa bila ya kujiuliza kimetandikwa na nani. Fasihi haimpi jina la mtandikaji. Humnyima tu raha ya kudhani kwamba kitanda kilijitandika.

Jembe la Siku ya Tatu

Iwapo majibu matatu ya awali hayatoshi, jibu gani latosha? Pengine latafutwe katika maadili yale yale ya ugeni ambayo makala haya yalianza nayo. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hueleweka kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ndani yake mna heshima pia. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni milele. Hula asichokilima, na wenyeji humtazama kama mtu wa kupita. Anayepewa jembe ameingizwa katika shughuli za nyumba. Jembe, kwa maana hii, ni kiingilio cha kweli.

Makumbusho, kwa desturi yake, humpa mtu siku mbili tu. Huonyeshwa, akastaajabu, akaondoka. Siku ya tatu haifiki. Kustaajabu kwenyewe si kosa. Nakshi ya mlango ni nzuri, na uzuri wake ni wa aliyeichonga kabla ya kuwa wa aliyemwajiri au kummiliki. Anayeufurahia anampa fundi kitu ambacho yamkini bwana wake hakumpa. Kosa ni kukomea hapo. Uadilifu wa mgeni hupimwa kwa kazi anayoikubali baada ya kuona.

Neno "makumbusho" lenyewe linaelekeza hivyo. Chanzo chake si kuona wala kuonyesha, bali ni kitenzi "kumbusha", na kitenzi hicho hudai watu wawili na jambo: mtu humkumbusha mtu jambo. Katika matumizi ya kila siku, anayekumbushwa sana ni mdeni. Nyumba inayoitwa makumbusho, kwa hiyo, haiwezi kuwa mahali pa burudani peke yake pasipo kulikana jina lake. Humkumbusha anayeingia kwamba kuna hesabu haijafungwa.

Kazi hiyo ni ipi? Kwa mgeni wa kawaida, ni kuuliza mbele ya kila kitu maswali mawili: kilikuwa cha nani, na kilifika hapa kwa mikono ya nani? Swali la kwanza hujibiwa na kibao. La pili mara nyingi halina jibu, na kutokuwa na jibu huko ni sehemu ya anachopaswa kuondoka nacho. Kwa watunza makumbusho, ni kuuacha ukuta useme pamoja na samani: mgeni aelezwe boriti na chokaa kama anavyoelezwa mikataba na nasaba. Kwa wasomi wa Kiswahili, kazi ni ya lugha. Maneno kama vile mjoli, mtwana, kijakazi, suria na mtoro yana historia ya watu wasioacha samani. Mengi yamebadilika maana, mengine yamekuwa matusi, na mengine yamekuwa majina ya watu na mahali. Kuyakusanya pamoja na masimulizi ya wazee wa mashambani, Unguja hata Malindi, ni kazi ambayo haimngojei mwanafasihi daima, kwa kuwa wasimulizi hawaishi milele.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuizuru kasri iliyogeuzwa makumbusho si jambo lisilo na mzigo wa kimaadili. Kuipa kisogo hakuwasaidii waliodhulumiwa. Kusingizia zama huwasahau watoro. Kutangaza kwamba nyumba sasa ni ya wote hakufungi hesabu, wala hakuwasitiri waliofukuzwa. Mgeni ana haki ya kuustaajabia uzuri, mradi akubali kwamba kustaajabu ni mwanzo wa wajibu.

Imebaki hodi. Hakuna tena mwenye kuiitikia katika Bet al-Sahel, kwani waliokuwa na haki ya kusema karibu wamekufa au wametawanyika, na waliofungua milango hawakuwa na haki ya kukaribisha mtu. Hata hivyo, hodi haikuwekwa kwa ajili ya kupata ruhusa tu. Kwayo, anayesimama mlangoni hukiri kwamba ndani mna watu. Anayeingia katika kasri ile akiwa na hodi moyoni huwa amewahesabu wote, waliolala vitandani na waliolala sakafuni, kabla ya kuinua macho kutazama dari.